Kisa cha watu wa Pima: mto ulikauka, kisukari kikaingia

Mwaka 1963 kuna timu ya watafiti wa serikali ya Marekani ilienda jangwani Arizona, na wala hawakuwa na habari na kisukari, wao walikuwa wanafuatilia baridi yabisi, wanataka kujua kama wanaoishi kwenye joto kavu wanaumwa viungo tofauti na wanaoishi kwenye baridi, kwahiyo wakawachukua kabila la Pima huku kusini na kabila la Blackfeet kule Montana kwenye theluji wawalinganishe. Damu zikachukuliwa, na humo humo sukari ikapimwa. Stori ya baridi yabisi ikaishia pembeni. Sukari za Pima zilikuwa juu kiasi kwamba miaka miwili baadaye, 1965, ukaanzishwa utafiti mpya pale pale kijijini, chini ya daktari anaitwa Peter Bennett, na ukadumu mpaka 2007.

Mwaka 1971 Bennett na wenzake wakaandika kwenye jarida la Lancet kwamba Pima wa miaka 35 kwenda juu, nusu yao wana kisukari. Nusu jamani! Yaani nyumba yenye watu wazima wanne, wawili wanaumwa, na hapo dunia nzima hakukuwa na sehemu iliyowahi kuripoti kiwango kama hicho.

Hii kesi nimeichagua makusudi, maana kila nikikaa sehemu mada ya sukari ikaibuka majibu ni yale yale, huyu anasema ni chai yenye sukari nyingi, yule anasema kwao ni ya ukoo babu alikuwa nayo, mwingine anasema ni ugonjwa wa matajiri wasiotembea, na hakosekani wa kusema ni mawazo. Kila mmoja ameshika kipande. Shida ni kwamba kwa mtu mmoja mmoja hivi vipande huwezi kuvitenganisha, shangazi yako ana kitambi, anatoka ukoo wenye sukari na anapenda soda, sasa utajuaje kipi ndo kilimwangusha? Kwa Pima walau kuna miaka zaidi ya 40 ya vipimo, kuna ndugu zao wanaoishi nchi nyingine maisha tofauti, na kuna historia iliyoandikwa.

Vipimo vyenyewe vilikuwa hivi. Mkazi yeyote wa eneo la utafiti kuanzia miaka 5 anaitwa kila baada ya miaka miwili, anakuja asubuhi hajala kitu, anatolewa damu, anapewa kinywaji chenye gramu 75 za glukosi (piga hesabu, hiyo ni kama soda mbili za mililita 350 unazigida kwa mpigo), anakaa benchi saa mbili bila kula wala kuzurura, anatolewa damu tena. Ukichora sukari za watu wote kwenye grafu, kwa Pima watu wazima unapata vilima viwili na bonde katikati, kilima cha wazima na kilima cha wagonjwa, kitu ambacho kwa makabila mengi hukioni vizuri hivyo kwa sababu sukari zao zinapanda taratibu bila mpaka. Ile namba wanayotumia hospitali mpaka leo, kwamba ukifika 11.1 (milimoli kwa lita) saa mbili baada ya glukosi basi una kisukari, kwa sehemu kubwa ilisimama kwenye lile bonde la Pima. Kwahiyo hata aliyepimwa Temeke au Kisumu kuna damu ya hawa watu kwenye cheti chake.

Sasa walikuwa kina nani? Wenyewe wanajiita Akimel O'odham, watu wa mtoni, na mto ni Gila. Wamelima pale karne na karne kwa mifereji ya kumwagilia, mahindi, maboga, pamba na maharage fulani madogo yanaitwa tepary ambayo yanavumilia ukame kuliko maharage haya tunayoyajua. Wahispania wakaleta ngano wakaipokea. Wazungu walipoanza kumiminika kwenda California kutafuta dhahabu kuanzia 1849, waliokuwa wanawauzia ngano njiani na kulisha jeshi la Marekani ni hawa hawa Pima. Yaani walikuwa wakulima wa biashara, wenye ziada ghalani. Hilo liweke akilini maana nitalirudia.

Mwaka 1859 serikali ikawatengea eneo lao. Afu kuanzia miaka ya 1860 na 1870 walowezi wakaanza kushika ardhi juu ya mto, wakachimba mifereji yao, maji yakawa yanaishia huko huko juu. Huku chini mashamba yakakauka. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa njaa kwenda mbele, watu waliokuwa wanauza ngano wakawa wanakata miti ya mesquite kuuza kuni ili wale, na mesquite ndo ilikuwa inawapa yale maganda matamu waliyokuwa wanasaga unga, kwahiyo wanauza chakula cha kesho wapate cha leo. Serikali ikaja kujenga bwawa la Coolidge, likaisha 1928, rais mstaafu Calvin Coolidge mwenyewe akaja kulizindua 1930, na maji yaliyofika kwa Pima hayakutosha.

Ukiangalia upande wa ugonjwa sasa. Elliott Joslin, ambaye ndo alikuwa jina kubwa la kisukari Marekani enzi hizo, alizunguka Arizona kuhesabu wagonjwa na mwaka 1940 akachapisha kwamba kwa Pima amepata 21 tu. Hakuona tofauti kubwa na Wamarekani wengine. Ni kweli hakuwapa watu glukosi kama kina Bennett, alitegemea wagonjwa wanaojulikana, kwahiyo wengine lazima walimpita, lakini hata ukimuongezea mara tano bado hufiki nusu ya watu wazima. Kati ya 1940 na 1965 kuna kitu kilitokea, na miaka 25 ni muda mdogo mno kwa damu ya kabila kubadilika.

Kilichotokea ni chakula na jasho. Kilimo kikiwa kimeshakufa, vijana wakaenda vitani (Ira Hayes, yule askari aliyepigwa picha wakisimika bendera Iwo Jima 1945, alikuwa Pima wa pale pale), waliobaki wakaenda kufanya vibarua vya mshahara mjini, na serikali ikawa inagawa chakula cha msaada: unga mweupe, mafuta ya nguruwe, sukari, jibini, nyama za kopo. Kutokana na unga na mafuta ukatengenezwa mkate wa kukaanga ambao leo watu wanaona ni chakula cha asili cha Wahindi Wekundu, kumbe ni chakula cha msaada. Mandazi ya njaa, ukipenda kuyaita hivyo.

Na hapa kuna kitu wanaopiga vita wanga hawakipendi. Waliojaribu kukadiria mlo wa zamani wa Pima, kabla mto haujakauka, wanasema wanga ilikuwa asilimia 70 mpaka 80 ya nguvu yote, mafuta asilimia 8 mpaka 12 tu. Watu wa wanga kabisa hawa! Ila wanga wenyewe ni tepary na mahindi ya kusaga kwa jiwe, umejaa nyuzinyuzi, unamung'unywa taratibu, sukari inaingia kwenye damu kwa kudonadona, na ili uupate ilibidi uulime kwa mikono. Kwahiyo ukisema wanga ndo chanzo, Pima wa 1850 wanakukatalia. Ukisema utajiri ndo chanzo wanakukatalia tena, maana Frank Russell aliyekaa nao 1901 na 1902, kipindi cha ufukara mkubwa, aliandika kwamba baadhi ya wazee walikuwa wanene sana, akashangaa. Mtu maskini anayekula unga mweupe wa msaada na mafuta ananenepa, na wala sio siri, kaangalie tu foleni ya chipsi saa moja jioni mtaani kwako ni nani wamesimama pale.

Wanasayansi wenyewe mwanzoni walikimbilia damu. Mwaka 1962 mtaalamu wa vinasaba James Neel alitoa nadharia ikapendwa sana, kwamba kuna jeni za kubana matumizi, watu waliopitia njaa na shibe kwa kupokezana walibaki wale wenye miili inayohifadhi mafuta haraka, afu shibe ikija moja kwa moja ile faida inageuka kuwa ugonjwa. Pima wakafanywa mfano mkuu wa hiyo nadharia. Mimi sijawahi kuipenda. Kwanza nimeshasema hawa walikuwa na mifereji na ziada ghalani, njaa yao kubwa ni ya juzi juzi tu na ililetwa na watu. Pili ni binadamu gani ambaye mababu zake hawakuwahi kulala njaa, na Wazungu je? Tatu jeni zenyewe zimetafutwa miaka mingi, maabara ya maana kabisa, na hiyo jeni moja ya kubana haijaonekana. Kuna jeni inaitwa TCF7L2 ambayo ndo yenye nguvu kuliko zote kwenye kisukari cha aina ya pili kwa watu wengi duniani, iligunduliwa Iceland 2006, wakaenda kuitazama kwa Pima wakakuta haina uhusiano na kisukari chao. Kabila lenye kisukari kuliko wote, jeni maarufu kuliko zote haiwahusu!

Lakini sisemi damu haina kazi. Pima wenye asili kamili walikuwa wanaugua zaidi kuliko waliochanganya na Wazungu wanaoishi eneo lile lile. Na duniani kote sehemu za vinasaba zinazochangia kisukari zimeshapatikana mamia, kila moja inasukuma kidogo kidogo. Kwahiyo damu inafungua mlango, swali linabaki nani alikuja kuupita huo mlango na kwa nini alikuja baada ya 1940.

Maycoba ndo inaponifurahisha mimi. Kusini ya mpaka, Mexico, kwenye milima ya Sierra Madre jimbo la Sonora, kuna Pima wengine. Lugha zao ni ndugu, damu zao ni ndugu, ingawa walitengana zamani na mtu anayesema ni watu wale wale kabisa anatia chumvi. Eric Ravussin na wenzake walifika huko miaka ya 1990 kwa shida ya barabara, wakakuta watu wanalima mahindi na maharage na viazi kwa plau za kukokotwa na wanyama, umeme hakuna, maji mpaka uyabebe, chakula cha kila siku maharage na chapati za mahindi. Wakawapima kwa mtindo ule ule wa glukosi na saa mbili. Tena kitu kizuri walichofanya, kijiji kile kina Wamexico wengine wasio Pima wanaoishi maisha yale yale, nao wakapimwa, kwahiyo ukawa na makundi matatu badala ya mawili.

Matokeo yaliyochapishwa 2006 ni haya, Pima wa Arizona wenye kisukari asilimia 38, Pima wa Maycoba asilimia 6.9, na wale majirani wasio Pima asilimia 2.6. Unene: Arizona wanaume asilimia 64 na wanawake 75, Maycoba wanaume 7 na wanawake 20. Ningekuwa nafundisha darasa ningeiandika ubaoni niwaache wanafunzi nusu saa waitazame tu. Kutoka 6.9 mpaka 38 ni mazingira, damu haiwezi kulipia deni lote hilo. Na ile tofauti ndogo ya 2.6 na 6.9 kule kule kijijini, watafiti wenyewe waliiona haina uzito wa kitakwimu, kwahiyo usiitundike kama ushahidi wa damu, ila usiitupe pia. Baadaye barabara na umeme vilipofika Maycoba wakarudi kupima, unene ukawa umepanda, kwa Pima na kwa majirani wote.

Sasa ndani ya mwili kunatokea nini. Hospitali ya Wahindi Wekundu mjini Phoenix kulikuwa na wodi ya utafiti ambapo watu wa Pima walikuwa wanajitolea kulala siku kadhaa, wanapimwa kwa njia ya kuchomekwa mirija, huku inaingia insulini (homoni inayouamuru mwili uchukue sukari kutoka kwenye damu) huku inaingia glukosi, na wataalamu wanaangalia mwili unahitaji glukosi kiasi gani ili sukari isishuke. Mwili ukiitii insulini unakula glukosi nyingi. Mwili sugu unaikatalia. Usugu huo unakuja hasa mafuta yakishajaa sehemu ambazo sio zake, kwenye ini na ndani ya misuli, na ndo maana kitambi cha tumboni kinatisha kuliko makalio.

Kongosho, ambalo ndo linatoa insulini, ni kama konda wa daladala. Abiria wakiacha kusogea nyuma anapaza sauti zaidi, sogeeni jamani nyuma kuna nafasi, na kwa muda inafanya kazi, kwahiyo ukimpima sukari mtu mwenye usugu unaweza kuikuta kawaida kabisa kwa miaka kumi, kumbe konda anapiga kelele mpaka mishipa imemtoka. Kuna konda mwenye koo la chuma anayeweza hiyo kazi mpaka uzeeni. Kuna mwingine sauti inakauka mapema, na hapo ndo sukari inaruka.

Hilo walilionyesha 1999 kwa kufuatilia Pima 48 miaka kama mitano hivi, wote walianza sukari zikiwa kawaida. Wakaja 17 wakapata kisukari, 31 hawakupata. Wale 17 uzito ulipanda, utii wa mwili kwa insulini ukashuka asilimia 31, na ile insulini ya haraka ambayo kongosho linaitema sukari ikiingia ikashuka asilimia 78. Katika wale 31 waliosalimika nao wapo walionenepa, utii ukashuka kidogo asilimia 11, lakini kongosho lao likapandisha insulini kwa asilimia 30. Unene ule ule, makongosho tofauti. Ukiwa na jirani mwenye kilo 110 na sukari yake iko safi huku wewe mwenye 80 umeambiwa uanze vidonge, jibu lako liko hapo, na hapo ndo vinasaba vinapofanya kazi yake, maana jeni nyingi zilizopatikana zinahusu nguvu ya kongosho.

Kwahiyo chai yenye sukari? Kijiko cha sukari kwenye chai hakileti kisukari kama mbu anavyoleta malaria. Inakuja kama sehemu ya ziada ya kila siku, na vinywaji vitamu ndo vibaya zaidi kwenye hiyo ziada kwa sababu vinashuka bila kushibisha. Mama yangu mdogo alipoambiwa ana sukari aliacha sukari kwenye chai siku ile ile, kishujaa kabisa, chai ya rangi kavu, na pembeni chapati tatu za kukandwa kwa mafuta. Hakuna aliyemwelezea habari ya ini.

Ila sehemu ya kisa hiki ambayo naona haisemwi ipasavyo ni tumboni. Tumbo la mama namaanisha. Kwa kuwa Pima walikuwa wanapimwa kila baada ya miaka miwili pamoja na wajawazito, ilijulikana nani alikuwa na kisukari wakati wa mimba ipi, afu watoto wakafuatiliwa mpaka ukubwani. Mwaka 1988 David Pettitt na wenzake wakaonyesha watoto waliofika miaka 20 mpaka 24. Ambao mama zao hawakuwa na kisukari kabisa, wenye ugonjwa ni asilimia 1.4. Ambao mama walikuja kuupata baadaye, baada ya mimba, asilimia 8.6. Ambao mama walikuwa nao wakati wa mimba, asilimia 45. Sio kosa la uchapaji, 45, na hao ni vijana wa miaka ishirini na kitu.

Mtu atasema ah hao wamerithi tu jeni kali za mama. Nao walishaliona hilo, kwahiyo mwaka 2000 Dana Dabelea na wenzake wakachukua ndugu wa tumbo moja, mmoja kazaliwa kabla mama hajapata kisukari, mwingine baada. Mama mmoja, damu ile ile inayochanganywa, nyumba ile ile, sufuria ile ile. Aliyezaliwa baada alikuwa na uwezekano mara 3.7 wa kupata kisukari kuliko mwenzake. Wakafanya hivyo hivyo kwa baba, waliozaliwa kabla na baada ya baba kuugua, hakuna tofauti ya maana. Sasa kama ingekuwa ni jeni tu, ya baba nayo ingeonekana.

Njia yenyewe inajulikana, glukosi ya mama inavuka kondo kwenda kwa mtoto lakini insulini ya mama haivuki, kwahiyo kongosho la kichanga linajikuta kazini kabla ya wakati, linamwaga insulini, mtoto anahifadhi mafuta, anazaliwa kilo nne na nusu na watu wanashangilia bonge la mtoto. Kuna upande mwingine pia, Pima waliozaliwa wadogo sana nao walikuja kuugua zaidi ukubwani, grafu ya 1994 ina umbo la herufi U, wadogo juu, wa kati chini, wakubwa juu. Kunyonyesha kulipunguza, waliopewa maziwa ya mama peke yake walau miezi miwili ya kwanza waliugua kidogo kuliko wa chupa.

Ukiunganisha hapo unaona gurudumu. Msichana anatoka tumboni kwa mama mwenye sukari, anaupata ugonjwa akiwa na miaka 22, anabeba mimba na sukari yake, anazaa msichana. Hata bila chakula kuharibika zaidi ugonjwa unashuka umri. Na ulishuka kweli, ukilinganisha miaka ya mwanzo ya utafiti na miaka ya 1991 mpaka 2003, wagonjwa wapya wa miaka 5 mpaka 14 waliongezeka karibu mara sita, wakati jumla ya wagonjwa wapya kwa watu wote haikubadilika sana. Ugonjwa ulikuwa unahamia kwa watoto.

Kwahiyo ukiniuliza mtoto wa miaka 12 wa Sacaton, mji mdogo wa Pima, mwaka 1995 kwa nini ana kisukari cha aina ya pili, sitakujibu soda, ingawa soda imo. Nitaanza na sukari ya mama yake alipokuwa na mimba yake, afu unga na mafuta ya msaada aliyolelewa nayo huyo mama, afu bibi aliyeacha kulima kwa sababu mfereji ulikauka, afu wale wa juu ya mto mwaka 1870 na kitu na serikali iliyowaangalia. Kongosho lake dhaifu limo humo pia. Kumwambia huyo mtoto ajitahidi kujizuia ni sawa, lazima aambiwe, lakini usimwite mvivu.

Na kwetu? Kuna utafiti wa kina McLarty ulitoka Lancet 1989, walipima vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, watu zaidi ya elfu sita, kwa glukosi hivyo hivyo, wakapata kisukari asilimia 0.87. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa Tanzania kwa watu wa miaka 25 mpaka 64 ukatoa asilimia 9.1. Tahadhari hapo, ule wa kwanza ni vijijini na wa kuanzia miaka 15, wa pili umechanganya na miji na kipimo ni tofauti, kwahiyo usiende kusema kimepanda mara kumi kamili. Ila hata ukikata nusu bado ni jambo, na Wachaga wa 1989 na wa 2012 vinasaba ni vile vile. Kilichobadilika ni bodaboda imechukua nafasi ya miguu, mafuta ya kupikia yanauzwa mpaka ya kupima kwenye kifuko, unga umekobolewa ukawa mweupe pe, na soda imefika mahali ambapo maji ya bomba hayajafika. Sisi pia tuna watoto wengi wanaozaliwa na uzito mdogo wakaja kunenepa mjini, yaani ule mkono wa kushoto wa herufi U. Ndo maana nikisikia kliniki ya wajawazito wanapima presha na wingi wa damu na sukari wanairuka nakasirika. Ukiwa na mimba ya wiki 24 mpaka 28 omba hicho kipimo cha kunywa glukosi, kama hawana uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kama ulishazaa mtoto wa kilo nne kwenda juu usisubiri hizo wiki, omba mapema.

Kuzuia kunawezekana, na hili nalo Wahindi Wekundu wa Arizona walishiriki kulithibitisha, kwenye ule utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 wenye watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza uzito asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58, waliopewa vidonge vya metformini asilimia 31, na faida ilionekana kwa makabila yote, wenye damu mbaya na wenye damu nzuri. Tatizo la ule mpango ni kwamba kila mshiriki alikuwa na mshauri wake wa kumfuatilia, kitu ambacho zahanati ya kawaida hata haikiwazi.

Kuhusu mto, kesi za maji zilipiganwa miaka na miaka mpaka 2004 Bunge la Marekani likapitisha sheria, jamii ya Gila River ikarudishiwa haki ya maji zaidi ya mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka, karibu nusu yakija kwa mfereji kutoka mto Colorado. Mashamba yamerudi. Sehemu kubwa inalimwa majani ya mifugo na pamba ya kuuza, kwingine wanalima tena tepary, nyeupe na za kahawia, na zinauzwa mpaka kwenye hoteli za Phoenix.